Goti la Neville Duckworth na Ndoo ya Bibby

Wanaume wa Thornclough wana akili moja tu, ambayo wanaazimana kwa zamu, na Jumamosi ile ya Februari, mwaka hamsini na nane, sijui ilikuwa kwa nani, lakini mwenye nayo hakuja uwanjani. Maana watu elfu tisa walisimama kwenye baridi ya kugandisha mate, wakamtazama kijana mwenye goti lililovunjika akisimama pembeni mwa uwanja dakika sabini nzima, na wakampigia makofi. Elfu tisa! Hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, mtoeni." Alisema mchumba wake Mavis peke yake, na Mavis alikuwa mwanamke, kwa hiyo hakuhesabiwa.

Kijana mwenyewe ni Neville Duckworth, miaka ishirini, winga wa kulia wa timu ya mji. Baba yake alikuwa fundi wa mashine pale kiwanda cha pamba, mtu wa kawaida, na Neville naye angekuwa mtu wa kawaida kama si mbio. Alikuwa na mbio za kuudhi. Akipita barabara ya Weaver, upepo aliouacha nyuma ulikausha nguo za Bi Pickup zilizoanikwa kwenye kamba, hata Bi Pickup akapunguza kununua makaa. Kivuli chake kilikuwa kinafika nyumbani baada yake, kikihema, na mama yake alikiachia mlango wazi. Anayebisha akamwulize Bi Pickup. Amekwisha kufa, lakini alikuwa mkweli.

Basi timu kubwa ya London, ya daraja la kwanza, ikazisikia habari hizo. Ikamtuma mtu wake, Bwana Aldous Fenn, mwembamba, kofia ya kijivu, ambaye kazi yake ilikuwa kuizunguka nchi akitafuta vijana wenye miguu. Alikuja Thornclough mara tatu, akakaa jukwaani akinyonya peremende na kuandika kwenye kidaftari. Mara ya tatu alikwenda mpaka nyumbani kwa akina Duckworth, akanywa chai, akamwambia baba mtu:

"Jumamosi namtazama kwa mara ya mwisho. Nikiridhika, Jumatatu anaweka sahihi."

Baba Duckworth akainuka kumpa mkono, akamwaga chai yote kwenye suruali ya mgeni. Huo ndio ukoo.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa maisha yote ya Neville. Akivuka salama, anakwenda London, anaishi kwenye nyumba yenye bafu ndani. Asipovuka, anabaki Thornclough akiisikiliza mvua. Mchumba wake, Mavis Holroyd, mfumaji wa pale pale kiwandani, alikuwa amekwisha kununua sanduku la safari. Mavis alikuwa na ulimi ambao ungeweza kukata jora la kitambaa bila mkasi. Ijumaa jioni, wakila samaki na chipsi kwenye gazeti, akamwambia:

"Sikiliza, Neville. Kesho usijifanye shujaa. Piga chenga zako, urudi na miguu miwili."

"Nitaumia wapi mimi? Nani ananishika?"

"Ukiumia unatoka. Niahidi."

"Nikiumia Bibby yupo."

"Bibby!" Mavis akasema, akakitema kipande cha samaki.

Hapo ni lazima tumseme Enoch Bibby. Alikuwa tabibu wa timu. Kabla ya hapo alikuwa mpaka rangi, akaanguka kwenye ngazi, akapona, na kwa kuwa alipona watu wakaona anajua tiba. Dawa yake ilikuwa moja: ndoo ya maji baridi na sponji. Umevunjika mbavu, sponji. Jino limetoka, sponji. Umepigwa kichwani humjui mama yako, sponji, halafu anakusukuma urudi uwanjani. Sponji yenyewe ilikuwa ya tangu kabla ya vita, imekunywa jasho la wachezaji watatu waliokwisha kuzikwa. Inasemekana mkewe alipofariki, Bibby alimpitishia sponji usoni, akasogea nyuma hatua mbili, akangoja ainuke.

Na mwenyekiti wa timu alikuwa Harold Tattersall, mwenye kiwanda cha pai za nyama. Pai za Tattersall ziliwahi kuwa na nyama siku moja tu, siku ile mfanyakazi wake alipopoteza kidole.

Sasa watu hao ndio waliokabidhiwa miguu ya Neville.

Mechi ikaanza. Uwanja ulikuwa umeganda, umefagiliwa majani makavu juu juu, mgumu kama sakafu ya kanisa. Neville akaanza kukimbia, na kwa dakika kumi na nane beki wa wageni, Stan Ruttle, hakuona chochote isipokuwa upepo. Ruttle alikuwa mtu mpana kama kabati, na kama kabati, hakuwa na mambo mengi ndani. Alijua jambo moja, kujitupa chini na kuteleza. Dakika ya kumi na tisa akajitupa, akateleza kwenye barafu, na safari hii akafika.

Neville hakulia. Alikaa chini akilitazama goti lake kama mtu aliyekuta mgeni kitandani. Bibby akaja mbio na ndoo, nusu ya maji ikimwagika njiani.

"Wapi?"

"Goti."

"Lipi?"

"Lile linalotazama nyuma, Bibby!"

Bibby akachovya sponji, akaikamua juu ya goti, akasugua. Maji yalikuwa na vipande vya barafu. Neville akapiga ukelele, na Bibby akafurahi.

"Si unaona? Linasikia. Goti linalosikia ni goti zima. Inuka."

Siku hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Mnaanza kumi na mmoja, akiumia mtu, mnabaki na mlivyo. Na desturi yetu ilikuwa kwamba aliyeumia hatoki. Anapelekwa pembeni, kwenye nafasi ya winga, asimame huko asumbue, ili beki mmoja wa wageni ashughulike naye. Ndivyo baba zetu walivyofanya, na baba zetu walikuwa na magoti ya kuthibitisha, maana kila baa ya Thornclough ilijaa wazee walioketi mguu mmoja mbele. Sasa tatizo likawa kwamba Neville alikuwa tayari winga. Wakakuna vichwa. Mwisho wakamhamisha kutoka pembeni kulia wakampeleka pembeni kushoto, wakarudi kucheza wameridhika kabisa, kana kwamba wamemtibu.

Mavis alisimama juu ya benchi jukwaani.

"Neville! Toka nje, mpumbavu wewe! Toka!"

Mzee mmoja akamvuta koti. "Keti chini, bibie. Huu ni mchezo wa wanaume."

"Na lile goti ni la mwanamume wangu. Wewe kula pai yako, nyamaza."

"Atakuwa sawa. Kijana jasiri huyo!"

"Jasiri? Babu, hata ng'ombe akivunjika mguu analala."

Neville alimsikia. Sauti ya Mavis ilikuwa inasikika mpaka ndani ya kiwanda mashine mia tatu zikizunguka. Alimsikia, akageuza uso. Kwa sababu upande wa pili, safu ya mbele, aliiona kofia ya kijivu. Bwana Fenn alikuwa ameacha kunyonya peremende. Alikuwa anamtazama yeye tu. Na Neville akafikiri, kwa kadiri watu wa mbio wanavyofikiri: nikitoka sasa, atasema mimi laini. Nikibaki, atasema, tazama mwanamume huyo.

Akabaki. Mguu mmoja chini, mwingine unagusa gusa kama kuku kwenye tope. Kila baada ya dakika chache, mashabiki wakiona anayumba, wakaimba jina lake. Goti likavimba hadi likawa na sura. Kuna waliosema lilifanana na Tattersall.

Dakika ya themanini na nane, bado hakuna bao, ikapigwa kona. Kipa wa wageni akaruka, akaukosa. Mpira ukadunda kwenye barafu, ukaenda pembeni, pale ambapo hapakuwa na mtu kwa kuwa hakuna mwenye akili ambaye angemkaba mtu anayesimama kwa mguu mmoja. Neville hakuupiga mpira. Mpira ulimpiga Neville, tena palepale gotini, ukaingia wavuni polepole kama mtu anayerudi nyumbani kwa miguu.

Elfu tisa wakaingia wazimu. Filimbi ya mwisho ilipolia wakamwagika uwanjani, wakambeba Neville juu juu. Waliomshika mguu wa kulia walitaka kumpeleka barabara ya Weaver. Waliomshika mguu wa kushoto walitaka kumpeleka baa. Hawakuelewana. Lile goti lililia mlio ambao mbwa wa Burnley, mji wa jirani, waliuitikia.

Neville akazimia akiwa bado hewani, na wao hawakugundua. Wakamzungusha uwanja mara mbili.

Jumanne Bwana Fenn alimtembelea hospitali. Alileta zabibu, akaketi kando ya kitanda, akaanza kuzila yeye mwenyewe. Neville alikuwa amefungwa plasta kutoka kiunoni mpaka kidoleni, anacheka kama bwana harusi.

"Uliniona, Bwana Fenn?"

"Nilikuona."

"Dakika sabini! Kwa mguu mmoja! Na bao!"

"Bao nililiona pia." Fenn akatema kokwa kwenye kiganja. "Ulipoanguka niliandika kwenye daftari langu. Nikaandika: goti, wiki nane, tutamngoja. Nilikuwa tayari kukuchukua na magongo yako. Yule beki hata angekukanyaga mara mbili, ningekuchukua. Kisha ukarudi uwanjani."

"Nilirudi kwa ajili yako!"

"Najua. Na hicho ndicho kinachonisikitisha. Mimi natafuta miguu, kijana. Mwenye miguu asipojua kuitunza, sina la kumfanyia."

Akachukua zabibu ya mwisho, akavaa kofia, akaenda zake. Mavis alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la safari, ndani yake amemletea Neville nguo za kulalia. Alisikia kila neno. Akaliweka sanduku sakafuni, akalikalia, na hilo lilimtisha Neville kuliko daktari.

Alasiri hiyo hiyo akaja Tattersall na pai. "Pasaka utakuwa uwanjani, mwanangu! Mji mzima unakutaja!" Nyuma yake akaja Bibby, akamwomba nesi ndoo. Nesi akampa ndoo, akamwonyesha na choo cha kusugua.

Pasaka hakuwepo uwanjani, wala Pasaka iliyofuata. Lakini Thornclough haijui kumwacha mtu apone. Miaka minne walimrudisha uwanjani mara kumi na moja. Wanamchoma sindano asisikie, anaingia, watu wanasimama wanapiga makofi, anakimbia kidogo kama mzee anayewahi duka lisifungwe, goti linatoka, Bibby anakuja na ndoo, watu wanapiga makofi tena. Mara ya kumi na moja lilitoka akiwa anapungia watu mkono, kabla mpira haujaanza. Timu ikamwandikia barua ya kumshukuru na kumuaga. Barua ililetwa na posta, na pengine ndipo Neville alipopata wazo, maana miezi miwili baadaye alikuwa mbeba barua.

Kazi ilimfaa. Alitembea taratibu, goti likikwaruza kama lango kuukuu, lakini likikunjika. Daktari mpasuaji alimwambia waziwazi: "Goti hili lina pigo moja tu lililobaki. Likipigwa tena, sitalitengeneza. Nitaufunga mguu unyooke moja kwa moja, kama mguu wa meza." Na Thornclough ni vilima vitupu. Mbeba barua mwenye mguu wa meza atafika mlango wa tatu, basi. Neville alikuwa na Mavis, ambaye alikubali kuolewa naye hata hivyo, Mungu anajua kwa nini, na mabinti wawili.

Ungedhani mtu huyo angelia. Hapana! Alinenepa kwa sifa. Kila Februari, kwenye baa ya Shuttle, walimnunulia bia wakalisimulia lile bao, na bao lilikua vizuri kuliko mabinti zake. Mwaka wa kwanza alilifunga kutoka hatua sita. Mwaka wa tano, hatua ishirini, na kipa alishika akadondosha. Mwaka wa kumi na tano alilifunga kutoka katikati ya uwanja, akiwapita watu wanne, damu inamtoka. Na yeye mwenyewe, aliyepigwa na mpira akiwa amesimama kama nguzo ya taa, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema, "Kulikuwa na upepo kidogo." Aliamini! Ukimwuliza kuhusu London alisema, "London wangeniharibu."

Miaka ishirini ilipotimia, Tattersall akapata wazo lingine. Ifanywe mechi ya wakongwe ya kumbukumbu, mwezi wa Mei, kwa kuwa yeye naye alikuwa ameanza kuogopa baridi. Waitwe wale wale waliobaki hai. Neville asimame pembeni kushoto, mpira uletwe, alifunge lile bao tena.

"Ni maigizo tu," Neville alimwambia Mavis jikoni. "Nasimama, naugusa, nimemaliza. Mabeki wote wameambiwa."

"Mabeki gani?"

Neville akakoroga chai muda mrefu. "Stan Ruttle yumo."

"Stan Ruttle."

"Ameambiwa asinikaribie, Mavis."

"Mwaka hamsini na nane refa alimwambia vilevile. Mtu yule kichwani ana njia moja, na mwisho wa njia ni goti lako."

"Watu wananitegemea."

"Mimi na wasichana tunalitegemea lile goti, na hatujawahi kukuimbia." Akakausha sahani moja mpaka ikaanza kulia. "Nenda. Safari hii sitapiga kelele. Nilipiga kelele mara moja, nikaona faida yake."

Siku ikafika. Watu elfu mbili, nyasi za kijani, pai. Neville amevaa kaptula iliyombana tumbo, amesimama pembeni kushoto anapunga mkono. Dakika ya kumi na tisa mpira ukaja kama ulivyopangwa. Stan Ruttle, ambaye sasa alikuwa makabati mawili, aliuona mpira, akamwona Neville. Aliambiwa, ndiyo. Asubuhi hiyo aliambiwa mara tatu, akaitikia mara tatu. Lakini mguu wa Neville ulikuwa pale, na yeye alikuwa Stan Ruttle. Akajitupa.

Bahati, umri ulikuwa umempunguza kasi. Akafika na nusu ya uzito, akapiga chini kidogo ya goti. Neville akaanguka. Akalala pale, anasikiliza. Ndani ya goti kitu kilisogea, kikafikiri, kikarudi mahali pake.

Bibby akaja, miaka themanini, na ndoo ile ile na sponji ile ile. Watu wakaanza kuimba, wazee kwa watoto wao: "Pembeni! Pembeni! Pembeni!"

"Linasikia?" Bibby akauliza, anachovya.

Neville akainua kichwa akamtafuta Mavis. Alikuwa safu ya mbele, chupa ya chai mapajani, anafungua kizibo. Hakupiga kelele. Neville aliingoja ile sauti, kwa mara ya kwanza maishani aliitaka, na haikuja. Akatafuta safu nzima kama kuna kofia ya kijivu. Haikuwepo. Miaka ishirini aliishi kana kwamba kofia ile bado imekaa pale inaandika, na pale palikuwa na mtu anayekula pai. Akafikiria Jumatatu, kilima cha Chapel, nyumba hamsini na mbili kwenda juu. Kando ya mstari mchezaji wa akiba, dereva wa gari la mkate, alikuwa anaruka ruka kupasha mwili moto. Siku hizi wapo. Ukiumia unatoka, anaingia mwingine, na jua linazama upande ule ule.

Akaichukua ndoo mkononi mwa Bibby. Akayamwaga maji yote nyasini, sponji ikaanguka na mlio wa chura. Akaiegemea ndoo, akainuka, akachechemea mpaka nje ya mstari, akaigeuza kichwa chini, akaikalia.

Halafu elfu mbili wakazomea.

"Laini!"

"Miaka ishirini tunakununulia bia!"

"Hiyo ndoo yangu," Bibby akasema.

"Nitakurudishia baada ya miaka ishirini."

Tattersall akashuka jukwaani, mwekundu kama nyama ambayo hajawahi kuitia kwenye pai. "Bao, Neville! Watu wamekuja kuona bao!"

"Lifunge wewe. Magoti yote mawili unayo."

Mavis akaja, akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Wakaitazama mechi, ambayo ilikuwa mbovu.

"Wiki nane, yule bwana alisema," Mavis akasema. "Wewe umetumia miaka ishirini."

"Umetia sukari?"

"Sukari hujafikia."

Jumatatu Neville alipanda kilima cha Chapel na mfuko wake, goti likikwaruza na kukunjika. Nyumba nyingi zilimpokelea barua bila salamu. Baa ya Shuttle hawakumnunulia tena bia, na Februari iliyofuata hawakumwita kabisa. Lakini wanaume wa Thornclough hawawezi kuishi bila bao. Wakakaa, wakaazimana ile akili yao, wakakumbuka vizuri zaidi. Sasa wanasema mwaka ule Neville Duckworth hakugusa mpira hata kidogo. Wanasema Stan Ruttle alijifunga mwenyewe, kutoka katikati ya uwanja, kwa kichwa, na kila Februari Ruttle anapanda basi kuja Thornclough kunywa bia yake.